Koo lako mbele ya munganga: usiogope kioo, uogope kuchelewa



Mara nyingi pale dispansere mtu anakuja kwa ajili ya mguu au mgongo. Ninamwuliza jina na namba yake ya kazi, naye ananijibu kwa sauti ya kukwaruza kama msumeno. Ninamwambia: «Baba, sauti hiyo ina muda gani?» Yeye anacheka: «Ah, hii? Ni mavumbi tu. Ilianza na mvua za kwanza.» Ninahesabu kwa vidole. Mvua za kwanza kwetu Katanga zinaanguka mwezi wa kumi, na sasa tuko mwezi wa tatu. Miezi mitano! Kwa ajili ya mguu uliochubuka jana amekuja leo asubuhi. Kwa ajili ya sauti iliyoharibika miezi mitano hakuja hata siku moja.

Ninapomweleza kwamba inafaa munganga atazame koo lake, kicheko kinakwisha. Anaangalia mlango, kisha anauliza kwa sauti ya chini: «Watanikata?»

Ukurasa wa leo ni jibu la swali hilo. Nitawaeleza jambo moja kwa jingine namna munganga anavyotazama koo, ili siku mtakapoitwa mwende bila woga. Na kabla ya yote, shikeni sheria hii moja: sauti iliyokauka ikipita wiki tatu bila kurudi, munganga aitazame. Usingoje maumivu.

KOO NI NJIA PANDA

Ukifungua mdomo mbele ya kioo unaona ulimi, meno, kile kinyama kidogo kinachoning'inia katikati tunachokiita kilimi, na amigdali mbili kando kando. Nyuma zaidi na chini zaidi jicho lako halifiki. Huko ndiko njia zinapogawanyika. Moja inapeleka bukari na maji tumboni. Nyingine inapeleka hewa mapafuni, na mlango wake ni kisanduku cha sauti, kile kigumu ambacho mwanaume akikigusa mbele ya shingo anakisikia kinapanda na kushuka anapomeza mate.

Ndani ya kisanduku hicho zimo nyuzi mbili za sauti. Kwa mtu mzima urefu wake haupiti sentimita mbili na nusu. Ukivuta hewa zinafunguka. Ukisema zinakutana na kutetemeka, kwa mwanaume zaidi ya mara 100 kwa sekunde moja, na kwa mwanamke karibu mara 200.

Kwa sababu nyuzi hizo ni ndogo, jambo dogo linatosha kuzizuia. Uvimbe usiopita punje ya mchele unabadilisha sauti. Na hiyo, ndugu zangu, ni bahati yetu. Magonjwa mengi yanajificha ndani ya mwili mpaka yawe makubwa, lakini ugonjwa wa nyuzi za sauti unapiga kengele siku za mwanzo, hata kabla ya kuuma. Kengele ya hatari ikilia shimoni hakuna anayesema «ni kelele tu». Basi, kwa nini tunasema hivyo kengele inapolia kooni mwetu?

SIKU YA KUTAZAMWA

Kwanza, maswali. Munganga atakuuliza: Sauti ilianza kukauka lini? Unavuta tumbako, sigara ngapi kwa siku? Unakunywa lutuku? Unafanya kazi gani, na zamani ulifanya kazi gani? Unameza vizuri? Umekonda? Unakohoa, makohozi yana damu? Sikio linauma upande mmoja? Jibu kweli tupu. Munganga hakuulizi ili akuhukumu. Anatafuta njia, kama fundi anayemwuliza dereva motor ilianza kupiga kelele siku gani.

Pili, mdomo na shingo. Atakuomba ufungue mdomo, atawasha taa, atakandamiza ulimi kwa kijiti bapa na kukuambia useme «aaa». Kama una meno ya bandia ya kutoa, atakuomba uyatoe. Kisha atasimama nyuma au mbele yako na kupapasa shingo kwa vidole, polepole, kutoka chini ya taya mpaka mabegani. Anatafuta tezi zilizovimba au rovu. Hayo yote hayaumi.

Tatu, kioo. Hapa ndipo watu wanaogopa, kumbe chombo chenyewe ni kioo kidogo cha duara chenye mpini mrefu, mfano wa kile cha munganga wa meno. Unakaa wima, kichwa mbele kidogo. Unatoa ulimi, naye anaushika kwa kitambaa safi. Kioo anakipasha moto kidogo ili pumzi yako isikifunike ukungu, na anakijaribu kwanza juu ya mkono wake mwenyewe asije akakuchoma. Kisha anakiweka nyuma ya mdomo, karibu na kilimi. Wewe unapumua kwa mdomo na kusema «eee». Nyuzi za sauti zinaonekana ndani ya kioo, nyeupe, zikifunguka na kufunga. Basi, imekwisha.

Aliyeijulisha njia hii kwa watu hakuwa munganga. Aliyeionyesha watu ni mwalimu wa kuimba, Manuel García, mzaliwa wa Hispania. Mwaka 1854 alitumia vioo viwili na mwanga wa jua, akatazama nyuzi za sauti katika koo lake mwenyewe. Hakudhurika: alizaliwa mwaka 1805 na kufa mwaka 1906, akiwa na miaka 101.

Nne, mpira mwembamba wa taa. Wengine hawawezi kuvumilia kioo, wanataka kutapika. Si kosa lao, mwili unajilinda. Pale penye vyombo vya kisasa, munganga anatumia mpira laini, unene wake kama milimita tatu au nne, wenye taa na jicho mbele. Anapulizia dawa ya ganzi puani, anapitisha mpira katika tundu la pua mpaka nyuma ya koo. Unasikia kitu kinasukuma, macho yanatoa machozi kidogo, lakini unapumua kama kawaida na unaweza kusema. Kazi hiyo inachukua dakika chache. Kama dawa ya ganzi imewekwa kooni, usile wala kunywa mpaka ganzi iishe, karibu saa moja, maana chakula kinaweza kukosa njia na kuingia mapafuni.

Tano, kutazamwa katika usingizi. Hii ni kwa wachache tu: yule ambaye munganga ameona kitu kwake na anataka kukitazama karibu, au kuchukua kipande kidogo cha nyama kipelekwe maabara chini ya mikroskopi. Hapo unalala kwa dawa ya usingizi, na chombo kinapita mdomoni. Hakuna jeraha shingoni. Utaambiwa usile kwa saa sita kabla ya kazi hiyo. Juu ya maji fuata saa utakayoambiwa. Usidanganye, hata kama ni chai na kipande cha mkate tu, kwa sababu tumbo lililojaa ni hatari kwa mtu aliyelazwa kwa dawa. Sema pia kama una jino linalotikisika, kama unatumia dawa za kila siku, au kama dawa fulani iliwahi kukudhuru. Ukiamka koo litauma siku moja au mbili, na mate yanaweza kuwa na alama ya damu. Lakini damu ikizidi au pumzi ikiwa ngumu, mwite mwuguzi mara moja.

MIMI PIA NIMEKALIA KITI HICHO

Miaka michache iliyopita sauti yangu ilikauka zaidi ya mwezi mmoja. Mimi niliyezoea kushika taa kwa ajili ya wengine, nilitafuta kila sababu ya kutokwenda: leo wagonjwa ni wengi, kesho ni siku ya mishahara. Mke wangu ndiye aliyenisema: «Baba, watu unawatuma, wewe mwenyewe unajificha?» Nikaona haya, nikaenda.

Mara ya kwanza kioo kilipogusa nyuma ya mdomo nilirudisha kichwa nyuma karibu nianguke na kiti. Munganga hakukasirika. Aliniambia nitazame alama moja ukutani, nipumue haraka haraka kama mbwa aliyekimbia, nisifikiri juu ya koo. Mara ya pili aliona yote kabla sijahesabu kumi. Nyuzi zangu zilikuwa nyekundu na zimevimba kidogo. Sababu ilikuwa asidi ya tumbo inayopanda usiku, kwa kuwa nilikula sana na kulala papo hapo. Sikukatwa, sikulazwa. Tangu siku ile ninajua kwamba woga wa wiki tano ulinitesa kuliko kioo cha nusu dakika.

MUNGANGA ANATAFUTA NINI?

Mara nyingi anapata mambo madogo: koo lililochoshwa na kupiga kelele juu ya mashini, mafua yaliyokawia, moshi wa sigara, au vipele vidogo juu ya nyuzi kwa mtu anayesema sana, kama mwalimu au mwimbaji wa kwaya. Mengi ya hayo yanapona kwa kupumzisha sauti, maji ya kutosha na kuacha tumbako.

Lakini yako magonjwa mawili ambayo hatutaki yatuponyoke.

La kwanza ni kifua kikuu. Kinaweza kushuka katika kisanduku cha sauti na kuikausha. Mavumbi ya mawe yenye silika yanaharibu mapafu na kufungulia kifua kikuu mlango, kwa hiyo mchimbaji yumo hatarini kuliko wengine. Sauti iliyokauka pamoja na kikohozi, jasho la usiku na kukonda: tutaomba makohozi na kupiga radio ya kifua. Ugonjwa huo unapona kwa dawa, mradi uzimalize zote kwa muda ulioambiwa.

La pili ni kansere ya kisanduku cha sauti. Kinachoileta zaidi ni tumbako. Na tumbako pamoja na pombe kali ni hatari kupita kila moja peke yake. Tena kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa shaba na kobalti. Mwaka 1992 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansere, lenye makao Lyon, Ufaransa, liliweka ukungu wa asidi kali, pamoja na asidi sulfuriki, katika orodha ya vitu vinavyoleta kansere kwa watu, na koo ndilo lililotajwa zaidi. Ninyi mnaofanya kazi katika majumba ya elektrolizi, kama yale ya Likasi na Kolwezi, mnaujua ukungu huo unaochoma pua na kula meno. Sisemi kwamba kila mmoja wenu atapata ugonjwa. Ninasema sauti yenu isidharauliwe.

Nitawapa mfano wa watu wawili, bila majina. Wote wawili walikuwa wavutaji wa sigara, na wote wawili walifanya kazi karibu na asidi. Mmoja alikuja wiki ya nne. Munganga aliona doa dogo juu ya uzi mmoja, kipande kikapelekwa maabara, ikawa ni kansere iliyoanza tu. Alitibiwa. Leo sauti yake ina ukavu kidogo, lakini anaita wajukuu wake kutoka upande mwingine wa barabara, nao wanaitika.

Wa pili alikuja mwezi wa tisa. Alikuwa amekunywa asali, ndimu na majani ya kila namna, na marafiki walimwambia ni mavumbi. Alipofika, alipumua kwa mlio kama filimbi. Ilibidi atobolewe tundu shingoni usiku ule ule ili apate hewa, na baadaye kisanduku chote cha sauti kiliondolewa. Anaishi, tunamshukuru Mungu. Lakini yule aliyekuwa kapita, ambaye sauti yake ilisikika juu ya mashini zote, sasa anaandika maneno yake katika daftari ya shule ya mtoto wake.

Kansere ya nyuzi za sauti ikikamatwa ingali ndogo, wagonjwa walio wengi sana wanapona na kubaki na sauti. Tofauti ya watu hawa wawili ni miezi minane.

MASWALI MNAYOTUULIZA

«Nikipatikana na ugonjwa, nitapoteza kazi?» Ugonjwa wako ni siri kati yako na munganga. Kapita wako anaambiwa tu kama unaweza kazi ile, au unahitaji kupumzika au kubadilishwa pahali. Tena fikiri mwenyewe: ni nani anayekaa nje ya kazi muda mrefu, aliyekuja wiki ya nne au aliyekuja mwezi wa tisa?

«Mfupa wa samaki umenikwama, nimeze tonge kubwa la bukari?» Hapana. Tonge linaweza kuuzamisha mfupa ndani zaidi na kutoboa njia ya chakula. Acha kula, njoo dispansere, tuutafute kwa taa na kuutoa.

«Mtoto anakohoa kila mara, wazee wanasema akatwe kilimi.» Mama, usikubali. Kilimi si sababu ya kikohozi wala ya kutapika. Tumeona watoto waliokatwa wakaletwa damu inatoka bila kukoma, na wembe usio safi unaleta pepopunda, hata SIDA. Leta mtoto kwetu, tutatafuta sababu ya kweli. Ni kijiti na taa tu. Mpakate, mshike mikono, atalia dakika moja na kusahau.

«Mtoto ana homa na koo linamuuma, ni lazima nije?» Ndiyo. Kuna kijidudu cha koo, jina lake streptokoki, ambacho kisipotibiwa vizuri kinaweza kuamsha ugonjwa wa viungo na kuharibu mlango wa moyo, zaidi kwa watoto wa miaka 5 mpaka 15. Mtoto anaweza kupanguswa kooni kwa pamba kwenye kijiti, na pamba ile ikapelekwa maabara. Akiandikiwa penisilini ya siku 10, ampe mama siku zote 10, hata kama mtoto anacheza mpira tangu siku ya tatu.

Lakini mama, sikia sana hili: mtoto mwenye homa kali, anayedondosha mate kwa kushindwa kumeza, na anayepumua kwa mlio, usimfungue mdomo kwa kijiko, usimlaze chali. Mkalishe wima mapajani na umkimbize hospitali, usiku au mchana. Njia yake ya hewa inaweza kuziba kabisa.

KULINDA KOO KAZINI NA NYUMBANI

Shimoni, toboa mwamba kwa maji, usitoboe kavu eti kwa haraka. Vaa kinga ya pua uliyopewa, ikae sawasawa usoni. Kitambaa cha mfukoni hakizuii mavumbi membamba yale yasiyoonekana kwa macho. Penye asidi, jua kwamba kinga ya mavumbi peke yake haitoshi: omba ile yenye chujio la asidi. Mipira midogo inayoelea juu ya mabeseni iko pale ili kupunguza ukungu, usiiondoe. Feni ya kutoa hewa ikisimama, mwambie kapita siku ile ile.

Nyumbani, acha tumbako. Si kupunguza, ni kuacha. Lutuku nayo usiizoee. Kunywa maji, usile chakula kizito na kulala papo hapo. Na ninyi wamama, ninyi ndio mnaosikia sauti ya mume kila siku asubuhi anapoamka. Hesabuni wiki. Wiki ya tatu ikiisha, mtume aje, na akikataa mje naye.

Njoo pia bila kungoja wiki tatu kama unatema damu, kama kumeza kunakuwa kugumu, kama uvimbe umetokea shingoni au kama pumzi inakatika.

Ndugu wafanyakazi, kofia ya chuma mnaivaa kila siku ingawa jiwe halianguki kila siku. Kutazamwa koo ni vivyo hivyo. Ni kijiti, taa, na kioo kidogo kisichozidi upana wa sarafu. Mlango wa dispansere uko wazi tangu saa moja asubuhi. Ingia, keti, fungua mdomo, sema «eee».

Msaidizi wa munganga, dispansere ya kampani